Wizara ya Biashara ya Marekani inafanya nini hasa? Kuuza nje, kulinda wenyeji na kuinua mikoa iliyochoka

Kila kukitokea kitu kati ya Marekani na huku kwetu, tuseme ushuru umepanda au nchi imetolewa kwenye AGOA, ule mpango wa Marekani wa kuruhusu bidhaa za nchi za Afrika kuingia kwao bila ushuru, utasikia watu wanasema Wizara ya Biashara ya Marekani imeamua hivi, imeamua vile. Ile kasheshe ya mitumba ndio mfano mzuri. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu mpaka 2019 ili viwanda vya nguo vya hapa vipate pumzi, mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikapeleka malalamiko, Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda nazo zikalegeza, Rwanda ikakaza, na mwezi wa saba 2018 nguo za Rwanda zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Watu wengi mpaka leo wanaamini kesi ile ilikuwa ya Wizara ya Biashara. Hapana. Malalamiko yalienda kwenye ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, ile inayoitwa USTR, ambayo iko chini ya Rais moja kwa moja, na aliyetoa uamuzi ni Rais mwenyewe.

Sasa kama mikataba na AGOA iko kwa USTR, na kodi za mpakani zinakusanywa na forodha, na mikopo ya kununulia bidhaa za Marekani iko kwa benki ya Ex-Im ambayo ipo tangu 1934, hiyo wizara yenyewe inabaki na nini? Inabaki na mengi kuliko inavyoonekana, ila ni mambo ya chinichini, na nadhani ndio maana watu wanayapita. Na kwa mtu anayefuatilia namna serikali inavyoweza kusaidia biashara bila yenyewe kufungua duka, hapa kuna ya kujifunza, mazuri na mabaya.

Tuanze na ilikotoka. Februari 1903 Rais Theodore Roosevelt alisaini sheria ya kuanzisha wizara moja ya Biashara na Kazi, waziri wa kwanza akawa George Cortelyou, halafu mwezi wa tatu 1913 Rais Taft, siku yake ya mwisho ofisini, akasaini sheria ya kuitoa Kazi ikawa wizara yake. Iliyobaki ndio hii. Ukifungua ndani leo utashangaa, kuna ofisi ya sensa, kuna wanaokokotoa pato la taifa, kuna ofisi ya hataza, yaani haki za wavumbuzi, na alama za biashara, kuna wataalamu wa vipimo, na kuna NOAA, yaani watu wa hali ya hewa, bahari na vimbunga, ambao miaka ya kawaida wanakula zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara nzima. Inaonekana kama mkusanyiko wa vitu visivyohusiana lakini mfanyabiashara wa mwaka 1903 angekuelewa haraka tu, alichokuwa anataka kwa serikali ni ramani ya bahari meli isigonge mwamba, vipimo ambavyo New York na San Francisco wanakubaliana, na takwimu za nani ananunua nini wapi. Herbert Hoover alipokuwa waziri kuanzia 1921 mpaka 1928 alilishika hilo la takwimu kwa nguvu zote, akapanua ofisi za kukusanya habari za masoko ya nje, na jengo kubwa la makao makuu pale Washington lililomalizika 1932 ndilo linabeba jina lake sasa.

Upande wa kukuza biashara ya nje kazi iko kwa idara inayoitwa ITA, na ndani yake kuna kitengo cha Commercial Service, ambacho kina ofisi kwenye miji mingi ndani ya Marekani na kwenye balozi za nchi zaidi ya 70, Nairobi ikiwemo. Zamani maafisa biashara wa balozini walikuwa wa Wizara ya Mambo ya Nje. Wafanyabiashara wakalalamika muda mrefu kwamba wanadiplomasia wanaiona biashara kama kazi ya daraja la pili, siasa kwanza, dili baadaye, mpaka serikali ya Rais Jimmy Carter ikapanga upya na kuanzia 1980 maafisa hao wakahamia Biashara. Mwaka huohuo na kesi za bidhaa kuuzwa bei ya kutupa zikatolewa Wizara ya Fedha zikaletwa hapa, na hizo tutazifikia.

Hawa maafisa kazi yao ukiitazama kwa karibu ni ya udalali wa heshima. Chukua kiwanda kidogo pale Ohio kinachotengeneza pampu za maji, wafanyakazi arobaini, bosi hajawahi kufika Afrika na hajui aanzie wapi. Anaenda ofisi ya wizara iliyo mji wa karibu naye, anakaa na mtu wa biashara, anaulizwa pampu ni ya umeme au sola, bei inaanzia wapi, spea zinapatikanaje, yuko tayari kumpa mtu wa kule uwakala au anataka kuuza moja kwa moja. Taarifa zinatumwa balozini. Kule balozini kuna wafanyakazi ambao wengi wao ni wenyeji, watu wanaolijua soko, wanajua nani anaingiza pampu kweli na nani ana kadi ya biashara tu, wanapiga simu, wanatembelea maghala, wanaandaa orodha fupi, halafu bosi wa Ohio akishuka kwenye ndege anakuta miadi imepangwa na watu waliochujwa. Huduma hiyo inalipiwa, ada ya kiwanda kidogo ikiwa ndogo kuliko ya kampuni kubwa. Yeye mwenyewe ndiye anabeba hatari ya dili, serikali haiweki hela yake pale.

Na hapa niseme kitu kwa wenzangu mnaoagiza mizigo. Ofisi hizi zipo kwa ajili ya muuzaji wa Kimarekani, bosi wao ni yeye, lakini mnunuzi wa huku ndiye bidhaa adimu wanayoitafuta, kwa hiyo mtu wa Nairobi au wa Dar mwenye biashara iliyosajiliwa anayetafuta mtengenezaji wa mashine fulani Marekani anaweza kuwaandikia na wakamuunganisha. Wengi hawajui, wanaishia mikononi mwa madalali wa mtandaoni wanaowapiga.

Wakati mwingine waziri mwenyewe anabeba kundi la wakurugenzi wa makampuni anazunguka nao nchi za nje kutafuta kandarasi, na kazi hiyo imewahi kugharimu maisha. Aprili 3, 1996 ndege iliyombeba waziri Ron Brown, mtu mweusi wa kwanza kushika wizara hiyo, iligonga mlima karibu na Dubrovnik huko Kroatia akiwa na ujumbe wa wafanyabiashara waliokwenda kuangalia namna ya kujenga upya nchi zilizotoka vitani, na watu wote 35 waliokuwemo walikufa.

Hiyo ni sura ya kwanza, ya kuuza nje. Sura ya pili ni ya kulinda ndani, na hapa wizara ina meno kwelikweli.

Mfano ninaoupenda kuutumia ni kambale. Delta ya Mississippi, ukanda wa mashamba tambarare yaliyolimwa pamba tangu enzi za utumwa, ni moja ya sehemu maskini zaidi Marekani. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wakulima wengi walichimba mabwawa wakaanza kufuga kambale, ikawa biashara kubwa Mississippi, Alabama, Arkansas na Louisiana, viwanda vya kuchakata minofu vikaajiri watu wengi ambao hawakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 minofu ya samaki wa jamii hiyo kutoka mto Mekong, Vietnam, ikaanza kumiminika kwa bei ya chini. Mwaka 2002 wafugaji wakafungua kesi.

Kesi ya namna hii inahitaji funguo mbili. Wizara ya Biashara inaangalia kama bidhaa inauzwa Marekani chini ya thamani yake halali na kwa kiasi gani, na tume nyingine huru kabisa, ITC, inaangalia kama wenyeji wameumizwa. Mmoja akisema hapana, kesi imekufa. Sasa kwenye kutafuta thamani halali ndio kwenye utata, kwa sababu Vietnam ilihesabiwa kuwa uchumi usioendeshwa na soko, kwa hiyo wizara ilikataa kutumia gharama za Vietnam zenyewe ikatafuta nchi mbadala ya kukadiria, na iliyotumika zaidi ilikuwa Bangladesh. Yaani mfugaji wa Mekong gharama za samaki wake zinapigwa kwa bei za Bangladesh ndio ijulikane kama amemuonea mfugaji wa Mississippi. Agosti 2003 kodi ikapitishwa, kuanzia kama asilimia 37 mpaka karibu 64 kutegemea na kampuni.

Unaweza kuona uonevu hapo, na mimi naona hoja ya Wavietnam ilikuwa na uzito. Lakini tazama na kilichofuata upande wa Mississippi. Kodi ile haikurudisha mabwawa. Minofu ya nje ikaendelea kuingia, kampuni zikajipanga upya, chakula cha samaki kikapanda bei vibaya ilipofika 2008 kwa sababu ya mahindi na soya, na mabwawa mengi yakafukiwa yakarudi kuwa mashamba ya mahindi na soya hiyohiyo. Kodi inampunguzia mtu kasi ya kuumia, haimpi kazi nyingine. Na kuna jambo jingine ambalo anayeuza Marekani inabidi alijue, mfumo wao unahesabu nyuma, muagizaji anaweka amana bidhaa inapoingia halafu bili ya mwisho inaweza kuja baada ya wizara kupitia upya mauzo ya mwaka ule, ikawa kubwa kuliko aliyotegemea, ndio maana waagizaji wengine wanaogopa bidhaa yoyote iliyo chini ya kesi hata kama bei yake ni nzuri.

Ukiachana na hizo kuna ile njia ya usalama wa taifa, kifungu cha 232 cha sheria ya biashara ya 1962, ambapo wizara inachunguza kama bidhaa fulani ikiagizwa sana inahatarisha nchi, inampelekea Rais ripoti, yeye anaamua. Ndiyo iliyozaa ushuru wa asilimia 25 kwenye chuma na 10 kwenye alumini mwaka 2018.

Haya, sasa mikoa. Swali la Delta, kwamba kiwanda kimefungwa na ushuru haujasaidia, watu wale waende wapi, jibu la serikali kuu ya Marekani liko kwenye idara nyingine ya wizara hiihii, EDA, iliyoanzishwa na sheria aliyosaini Rais Lyndon Johnson Agosti 1965. Wazo lake ni kwamba kuna sehemu ambazo uchumi wa nchi ukikua zenyewe zinabaki nyuma, migodi imefungwa, kiwanda kimoja kilichokuwa kinalisha mji kimehama, vijana wameondoka.

Vigezo vya kuingia viko wazi, na hilo nalipenda. Sehemu inastahili, kwa mfano, kama ukosefu wa ajira kwa miezi 24 umezidi wastani wa taifa kwa angalau asilimia moja, au kipato cha mtu kiko asilimia 80 au chini ya wastani wa taifa, au kuna mahitaji maalum kama kiwanda kikubwa kufungwa au kimbunga. Hela haipewi mfanyabiashara, inapewa serikali ya mji au kaunti, kabila la Wahindi Wekundu, chuo, au taasisi isiyotafuta faida. Na kwa miaka mingi kawaida ilikuwa kutoa nusu ya gharama. Nusu nyingine mwenyeji aliitafuta mwenyewe, ingawa sehemu zenye hali mbaya serikali kuu inaweza kufika asilimia 80 na kwa makabila hata mia.

Kitu kingine, huwezi kuibuka na mradi wako tu. Kaunti kadhaa zinakaa pamoja zinaandika mpango wa uchumi wa ukanda wao, wenye takwimu, wenye udhaifu wao uliokubaliwa wazi, na unaandikwa upya angalau kila miaka mitano. Mradi wa miundombinu ambao hauendani na mpango huo haupiti. Ukipita, mara nyingi ni kitu ambacho hakuna mwanasiasa angependa kupiga nacho picha: bomba la maji taka lifike kwenye eneo la viwanda, barabara ya kilomita mbili, tenki la maji, umeme wa njia tatu, karakana ya chuo cha ufundi. Kiwanda kinachotafuta pa kwenda hakiendi mahali ambapo mfumo wa maji taka umejaa, na mji maskini hauna hela ya kuupanua mpaka upate kiwanda. Ruzuku ya EDA inaingia hapo kukata huo mzunguko.

Ila isije ikaonekana ni muujiza. Mwaka 1966 EDA iliingia Oakland, California, mji wenye ukosefu wa ajira mara mbili ya wastani wa nchi na wasiwasi mkubwa wa machafuko ya watu weusi, ikatangaza dola milioni 23 na ajira kama elfu tatu, sehemu kubwa ya hela ikiwa ni ya kujenga hanga la ndege la kampuni ya World Airways na gati bandarini. Hakuna aliyepinga. Meya alitaka, bandari ilitaka, kampuni ilitaka, Washington ilitaka. Lakini kila hatua ilihitaji sahihi ya mtu mwingine, gharama zikapanda wakaanza kubishana nani alipe ziada, mpango wa kuajiri wasio na kazi ukapelekwa kwenye kamati, bandari na kampuni na maafisa wa EDA wakawa wanaandikiana barua, na miaka mitatu baadaye iliyotumika ni kama dola milioni 3, nyingi zikiwa za flaiova ya kuingilia uwanja wa michezo na malipo ya wasanifu majengo. Ajira zilihesabika. Hanga lilikuja kukamilika 1973. Wasomi wa utawala wa umma bado wanaifundisha kesi hii, na wanachosisitiza ni kwamba watu wote walikubaliana na bado ikashindikana, kwa sababu walianza na jengo la kampuni wakitegemea ajira zitafuata zenyewe, badala ya kuifunga hela na ajira tangu mwanzo.

Miaka ya karibuni walijaribu njia kubwa zaidi. Kwenye hela za korona za 2021 EDA ilipata dola bilioni 3, na bilioni moja kati ya hizo ikawekwa kwenye shindano la mikoa. Waliomba 529, wakachujwa 60, Septemba 2022 wakapewa 21. Mmoja wa waliopata ni muungano wa kaunti za makaa ya mawe kusini mwa West Virginia, kama dola milioni 63, kwa ajili ya viwanda vipya, mafunzo na nishati kwenye ardhi iliyokuwa ya migodi. Halafu ikaja sheria ya chipu na sayansi ya 2022 yenye vituo vya teknolojia nje ya miji ile tunayoijua sote. Hapo kuna somo la bajeti kwa yeyote anayesoma matangazo ya serikali: sheria iliruhusu mpaka dola bilioni 10, hela halisi iliyotengwa mwanzoni ikawa nusu bilioni tu, kwa hiyo Oktoba 2023 mikoa 31 ikapewa jina la kituo cha teknolojia, na Julai 2024 mikoa 12 tu ndiyo ikapewa hela, jumla milioni 504. Wengine kwa wakati huo walibaki na jina.

Sasa kuna sehemu moja ambapo pande hizi mbili, ya biashara ya nje na ya mikoa, zilikuwa zinashikana mkono waziwazi, na hiyo ndiyo inayoniuma. Kulikuwa na programu chini ya EDA kwa ajili ya makampuni yaliyoumizwa na bidhaa za nje, yenye mizizi kwenye sheria ya biashara ya 1974. Kampuni ikithibitisha kwamba mauzo na ajira vimeshuka na bidhaa za nje zimechangia, inasaidiwa kuandika mpango wa kujiokoa, halafu serikali inalipa nusu ya gharama za wataalamu wa kuutekeleza, labda ni mtu wa kubadilisha mstari wa uzalishaji, labda wa ubora, labda wa masoko. Hela ilikuwa kidogo sana ukilinganisha na hasara. Lakini ilikuwa ndiyo sehemu pekee ambapo wizara inayosema milango ifunguliwe ilimfuata kiwandani yule aliyepigwa na upepo wa mlango huo. Julai 2022 muda wake kisheria uliisha, Bunge halikuuongeza.

Nchi ikifungua biashara, faida inasambaa kwa watu wengi kidogokidogo, fulana inashuka bei kwa kila mtu, na hasara inakaa kwenye miji michache kwa uzito wote. Kwa hiyo ukiwa na idara ya kuuza nje yenye nguvu na idara ya mikoa yenye hela kiduchu, umejipikia hasira ambayo itarudi kama ushuru, na ushuru huo utampata mpaka mshonaji wa Athi River, Kenya, ambaye hajawahi kusikia habari za Mississippi. Programu za kawaida za EDA mwaka wa fedha 2024 zilikuwa chini ya dola nusu bilioni, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 330.

Hata hicho kidogo kimepiganiwa. Reagan alitaka EDA ifutwe, Trump kwenye bajeti zake za awamu ya kwanza alipendekeza ifutwe na kwenye pendekezo la bajeti ya 2026 akarudia, wakisema kazi hiyo ni ya majimbo na sekta binafsi. Bunge limekuwa likiirudisha, na sababu ni rahisi kuiona, karibu kila mbunge, awe wa chama gani, ana kaunti fulani kwake yenye bomba au barabara iliyojengwa kwa msaada wa hela hizo. Januari 2025 Biden alisaini sheria iliyoihuisha EDA rasmi, mara ya kwanza tangu 2004, ndani ya muswada mkubwa wa miradi ya maji uliopita kwa kura za vyama vyote viwili.